NYUMBA ILIYOTUPOKEA

Somo: Luka 10:1–9



Mwaka 2018 mtaa huu ulitutuma sisi wawili, mume na mke, kwenda ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji, tukae na Wakristo wa kando ya Ziwa Nyasa na kusaidia kuwafundisha makatekista wao. Mlituombea. Mlituchangia nauli. Akina mama walitufungia chakula cha njiani. Tuliporudi tulisimama mbele yenu tukatoa taarifa: tulikaa siku ngapi, tulifundisha masomo gani, watu wangapi walihudhuria. Taarifa ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa kamili. Liko jambo moja tuliloliacha, kwa sababu lilitutia aibu.

Sasa mtaa wetu unajiandaa kutuma vijana wengine kwa kazi kama ile, na tena kupokea wageni watakaokuja kukaa majumbani mwetu. Basi tumeona si haki kulificha jambo hilo. Afadhali sisi tuone haya kidogo kuliko ninyi kurudia kosa letu.

Mikono mitupu

Katika somo letu Bwana Yesu anawatuma watu 70, wawili wawili, wamtangulie katika kila mji alikokusudia kwenda. Twasoma kwamba aliwakataza kuchukua mfuko, wala mkoba, wala viatu. Kisha akawapa maagizo juu ya nyumba: waingiapo waitakie amani, wakae humo humo, wale na kunywa wanachopewa, wala wasiwe watu wa kuhamahama kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile.

Tazameni jinsi maagizo haya yalivyo ya ajabu. Sisi twasema mkono mtupu haulambwi. Mtu akienda ugenini huchukua cho chote, hata kama ni fungu la ndizi, asije akaonekana mzigo. Lakini Bwana anawatuma watu wake na mikono mitupu makusudi. Anataka wafike mlangoni pa watu hali wana njaa. Kwa nini? Je, hakuweza kuwapa mfuko? Yeye aliyewalisha watu 5,000 alishindwa na mkate wa njiani?

Hakushindwa. Alijua kwamba mjumbe aliyejitosheleza hana haja na mtu ye yote. Atahubiri, atafunga mkoba wake, na atakwenda zake. Lakini mjumbe mwenye njaa hana budi kumtazama mwenyeji usoni na kupokea. Na hapo ndipo mwenyeji naye anapata nafasi ya kuwa mtu mbele yake, mtu mwenye kitu cha kutoa.

Haya yote tuliyajua. Mmoja wetu alikwisha kulihubiri somo hili zaidi ya mara moja. Kulijua ni jambo moja.

Sanduku letu

Tulivuka Ruvuma, tukapita Lichinga, tukateremka hadi Metangula ziwani, kisha tukaendelea kwa mashua mpaka kijiji tulichopangiwa. Kanisa la pande zile ni ndugu wa damu na Kanisa la kwetu. Sote tu matunda ya kazi ya misheni ya UMCA, iliyoweka makao yake katika kisiwa cha Likoma katika miaka ya 1880. Padre William Percival Johnson, aliyezikwa Liuli mwaka 1928, alizunguka pwani zote mbili kwa zaidi ya miaka 40. Aliugua macho hata akakaribia kuwa kipofu, na bado alizoea kulala vijijini na kula chakula cha wenyeji. Tulikuwa na habari zake vichwani. Lakini mikononi tulikuwa na sanduku.

Ndani ya sanduku lile tulitia sukari, majani ya chai, biskuti, tambi, maji ya chupa, dawa, na jiko dogo la mafuta ya taa. Tuliona ni busara. Tulisema, tusiwe mzigo kwa watu maskini.

Wenyeji wetu walikuwa katekista mzee, mkewe, na wajukuu watatu. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi, yenye vyumba viwili. Walitupa chumba chenye kitanda cha kamba na shuka safi. Kila jioni tuliletewa ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani, ambao wao huwaita usipa. Maji yalichotwa alfajiri na mjukuu mkubwa, msichana wa miaka kama 12, akayaleta mlangoni yakiwa ya moto.

Tulikula, lakini si kwa moyo. Tulimega kidogo, tukasema tumeshiba. Usiku tulifungua sanduku tukala biskuti gizani. Ndugu, karatasi ya biskuti ina kelele kuliko mnavyodhani. Asubuhi moja mtoto mdogo wa nyumba ile alituuliza kwa adabu kabisa kama panya wametusumbua usiku. Tulijibu kwamba hatukusikia kitu. Ndivyo tulivyoanza kazi ya Injili katika nyumba ile: kwa uongo mdogo kwa mtoto.

Siku tuliyohama

Baada ya wiki moja tuligundua kwamba mzee na mkewe hawakuwa na chumba kingine. Chumba cha pili kilikuwa cha kuwekea mihogo mikavu, nyavu na mbegu. Wao pamoja na wajukuu walikuwa wakilala jikoni, juu ya mkeka, karibu na moto. Jambo hili lilitusumbua. Na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, maana shetani hatumii uovu tu. Hutumia pia huruma yetu.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja pale kijijini, Mkristo mwema, mwenye nyumba ya bati, taa ya nguvu ya jua, godoro na chandarua. Alitualika tule kwake. Tulikwenda, tukala wali. Njiani tukirudi tulianza kusemezana: yule mzee na mama wanalala jikoni kwa ajili yetu, je, si upendo kuwapunguzia mzigo? Siku ya tisa tulifunga mizigo. Tulimshukuru mzee kwa maneno mengi, tukamwachia mama fedha ndani ya bahasha, tukahamia kwenye nyumba ya bati.

Mama aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, wala hakusema neno.

Twaweza kusema leo kwamba tulihama kwa ajili yao. Mungu anajua. Sehemu ilikuwa hivyo. Lakini sehemu nyingine ilikuwa godoro.

Siku zilizofuata mambo yalibadilika. Darasa letu lilikuwa limejaa. Sasa viti vilibaki vitupu. Mzee aliendelea kugonga kile chuma cha gurudumu kilichotundikwa mwembeni kuwaita watu kwenye sala, lakini baada ya sala aliondoka kimya. Watu walitusalimu vizuri, wakapita. Tulidhani wamechoka na masomo. Tulikaa kupanga masomo mepesi zaidi!

Aliyetufumbua macho ni yule mfanyabiashara mwenyewe. Usiku wa nne alitukalisha akasema, 'Padre mdogo na mama, nisameheni. Mimi niliwakaribisha kula. Nilipowaona mnakuja na masanduku sikuweza kuwafukuza. Lakini kijiji kizima kinasema nimemwibia mzee wageni wake. Na wengine wanauliza, mle ndani kuna nini hata watu wa Mungu wamekimbia? Ni uchafu? Ni njaa? Au mama yule ni mchawi?'

(Tulikuwa tumemwambia mara nyingi kwamba hatuna upadre. Aliendelea kutuita hivyo kwa heshima, na usiku ule heshima hiyo ilituchoma.)

Ndugu, hatukulala. Yule mzee alikuwa amejenga jina jema katika kijiji kile miaka mingi. Alikuwa akiwafundisha watoto katekisimu, akiwazika wafu wakati padre yuko mbali, akipatanisha ndoa. Sisi kwa siku moja, bila kusema neno baya hata moja, tulikuwa tumelivunja jina lake. Nani atamsikiliza katekista ambaye wageni wa Kanisa wameikimbia nyumba yake? Ndipo tulipofahamu kwa nini Bwana aliwakataza wajumbe wake kuhama. Hakuwa akitoa sheria ya adabu ya safari. Alikuwa akiilinda heshima ya yule aliyefungua mlango kwanza, ambaye mara nyingi si tajiri wa kijiji.

Deni la mkeka

Kulipopambazuka tulirudi kwa mzee na mama. Tuliwakuta jikoni. Tulipiga magoti kwenye majivu tukaomba radhi. Tulieleza kwamba hatukutaka walale chini kwa ajili yetu. Mzee aliitikia kwa upole. Lakini mama alinyamaza kitambo, kisha akasema nasi kwa Kiswahili. Hatukujua kwamba anakijua. Siku zote alisema nasi Kinyanja kupitia kwa mumewe.

Alisema hivi. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, yeye alikuwa mtoto mdogo. Kijiji chao kilipochomwa, mama yake alimbeba mgongoni wakakimbilia Tanzania. Wengi wenu wenye umri mnakumbuka wakimbizi wale, waliowekwa Rutamba, Muhukuru na Lundo. Lakini kabla ya kufika kambini, walifikia kijiji kimoja kando ya ziwa upande wetu. Hawakumjua mtu. Mwanamke mmoja aliwaona wameketi chini ya mti, akawaingiza nyumbani kwake. Alikuwa na mkeka mmoja tu. Akawapa ule mkeka, yeye na watoto wake wakalala kwenye majani makavu. Walikaa naye msimu mzima, wakila chungu kimoja. Baadaye walipelekwa Lundo, na baada ya uhuru wa Msumbiji, mwaka 1975, walirudi kwao. Mama yake alifariki bila kumwona tena mwanamke yule, wala hawakujua habari zake.

'Mama yangu aliniachia deni,' akasema. 'Nilipoambiwa wanakuja wageni kutoka Tanzania, nilimwomba mzee tuwapokee sisi. Nikasema, sasa nitaurudisha ule mkeka. Ninyi mmelala juu yake siku nane, mkanirudishia kabla sijamaliza kulipa. Tena mkanipa fedha.'

Akaingia chumbani, akatoa ile bahasha. Hakuwa ameifungua.

Ndugu zetu, tumesikia mahubiri mengi maishani mwetu. Hatujasikia yaliyotuingia kama yale. Sisi tulidhani tumekuja kumpa yeye kitu. Kumbe kabla hatujazaliwa, mwanamke mmoja wa nchi yetu, ambaye hata jina lake hatulijui, alikuwa amekwisha kututangulia kuihubiri Injili katika nyumba ile, kwa mkeka. Mungu alikuwa amefika zamani. Sisi tulikuja tukaikuta kazi yake ikiendelea, tukaikanyaga kwa viatu.

Jembe

Siku ile ile tulirudisha masanduku yetu. Kile tulichokuwa nacho cha chakula tulikitoa chote tukakiweka jikoni, kiliwe na wote. Watoto walifurahia biskuti, na hakuna aliyetaja panya.

Kesho yake tulimwomba mama atupe kazi. Alicheka akasema, 'Kwenu hamna ile methali? Mgeni siku mbili?' Tukajibu sote pamoja: siku ya tatu mpe jembe. Akasema, 'Mimi niliona haya kuwapa. Nilidhani watu wa vitabu hawashiki jembe. Nanyi mliona haya kuomba.' Basi kwa wiki zilizosalia tuliamka naye alfajiri kwenda kuandaa matuta ya muhogo. Mikono yetu ilipasuka malengelenge. Matuta yetu yalipinda, na wajukuu walikuja kuyanyosha tukiwa hatuangalii.

Lakini kule shambani ndiko tulikoulizwa maswali ambayo darasani hayakuulizwa kamwe. Je, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa yuko wapi? Mume akirudi kutoka migodini na mke wa pili, mke wa kwanza afanye nini? Mungu alikuwa wapi miaka ile ya vita ya pili, iliyokwisha mwaka 1992, tulipokula mizizi? Mtu hawezi kuyauliza maneno haya akiwa amekaa kwenye benchi mbele ya ubao. Huyauliza akiwa ameinama, jembe mkononi, bila kukutazama. Mengine tulijibu kama tujuavyo. Mengine tulinyamaza, tukaendelea kulima, na kimya kile nacho kilipokewa.

Darasa lilijaa tena pole pole, ingawa si wote waliorudi. Jina la mzee lilipona. Jumapili ya mwisho yule mfanyabiashara alikuja na familia yake, akala nasi jikoni kwa mzee, mbele ya macho ya kijiji, naye alifanya hivyo makusudi.

Petro na Paulo katika nyumba za watu

Tuliporudi tulisoma tena Matendo ya Mitume, tukashangaa jinsi Injili ilivyosafiri kwa njia ya nyumba za watu. Huko Yafa Petro alikaa siku nyingi kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kazi yenye harufu ambayo Wayahudi wengi waliidharau. Labda Mungu alimweka pale kwanza ili ajifunze. Maana kutoka nyumba ile ndipo alipoitwa kwa Kornelio, mtu wa mataifa, akaingia, akahubiri, na akakaa siku kadhaa. Aliporudi Yerusalemu ndugu walimshitaki. Walimshitaki kwa neno gani? Someni sura ya 11, mstari wa 3. Neno lililowauma ni kwamba aliingia kwa watu wasiotahiriwa akala nao. Walijua, kama watu wote wajuavyo, kwamba ukila na mtu umekwisha kusema yeye ni ndugu yako. Hotuba yaweza kusahauliwa. Chungu kimoja hakisahauliwi.

Paulo naye alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akafanya nao kazi ya kushona mahema. Yeye pia alipewa jembe lake. Na huko Filipi, Lidia alipobatizwa aliwasihi Paulo na wenzake wakae nyumbani kwake, na Luka aeleza kwamba aliwashurutisha. Aliifanya nyumba yake kuwa kipimo: kama wamemhesabu kuwa mwaminifu kwa Bwana, waingie wakae. Lidia alifahamu jambo tulilojifunza sisi kwa machozi. Kukataa nyumba ya mtu ni kama kuutilia shaka ubatizo wake.

Tena katika Afrika yetu tunaye Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyekwenda Mboga, katika Kongo ya leo, mwaka 1896. Hakupokelewa vizuri. Mtawala Tabaro alimpinga, naye alipata mapigo na mateso. Lakini hakuwa mtu wa kuhama. Alifukuzwa akarudi, na Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alikufa huko huko mwaka 1933, na alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kule ambako Injili ilikuwa bado kufika. Huyo aliifanya nchi ya ugeni kuwa nyumba yake hata kaburini.

Na juu ya wote yuko Bwana mwenyewe. Alizaliwa mahali pasipo nafasi nyumbani. Alikula kwa Martha na Mariamu, alikula kwa Zakayo, alikaa siku mbili kwa Wasamaria. Baada ya kufufuka aliingia Emau kama mgeni, akaketi mezani pa watu, akauchukua mkate wao. Na hapo mgeni akawa mwenyeji, nao wakamtambua. Kila tunapokaribia Meza ya Bwana twakumbuka kwamba sisi sote tu wageni tuliopewa chakula ambacho hatukukinunua. Asiyejua kupokea ugali wa jirani, je, atajuaje kuupokea mwili wa Kristo?

Neno kwa watakaotumwa

Vijana wetu mtakaokwenda, twawaomba haya.

Pungeni sanduku. Chukueni dawa zenu na Biblia zenu, na zawadi ya kuwapa wenyeji waziwazi mnapofika. Lakini chakula cha kula kwa siri kiacheni nyumbani.

Kuleni mlichopewa. Kama tumbo lina ugonjwa, mwambieni mama wa nyumba ukweli. Yeye amelea watoto wagonjwa, atafahamu.

Msihame. Hata ikiwa nyumba ni ndogo, hata mkialikwa penye raha zaidi. Kuleni po pote mnapoalikwa, lakini laleni pale mlipopokelewa kwanza. Kama ipo sababu ya kweli ya kuhama, mwenyeji wenu awe wa kwanza kuijua, na padre wa mahali pale aamue pamoja naye.

Ombeni jembe mapema. Msingoje kupewa.

Neno kwa watakaopokea

Nanyi wazazi mtakaopokea wageni hapa kwetu, tumesikia wengine mkisema, 'Nyumba yangu haifai, afadhali walale nyumba ya wageni mjini.' Wengine mnataka kukopa ili mnunue viti na mazulia. Ndugu, msifanye hivyo. Yule mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na Mungu alimpeleka Eliya kwake, akiwapita matajiri wote wa Sidoni. Yule mwanamke wa Shunemu alimtengenezea Elisha chumba kidogo, na ndani yake mkawa na kitanda, meza, kiti na taa. Hivyo tu, na Maandiko yameona vema kuvitaja kimoja kimoja.

Wapeni wageni kile mnachokula. Waonyesheni mahali pa kuchota maji. Wakikosea, waambieni mapema na kwa upendo. Msinyamaze kama mama yetu yule alivyonyamaza, maana kimya chake kilimwumiza yeye kuliko sisi. Na siku ya tatu wapeni jembe, wala msiwaonee haya.

Sisi twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanyanja nao husema kwamba mgeni ndiye ajaye na wembe mkali, maana yake huenda akawa na kitu cha kukata fundo lililowashinda wenye nyumba. Methali hizi ni za kweli. Lakini sisi tuliokaa katika nyumba ile twaweza kuongeza kwamba mara nyingine mwenyeji ndiye mwenye wembe, na fundo limo ndani ya mgeni.

Bahasha ile tulirudi nayo. Kwa ruhusa ya mama tulimpa fedha zile mjane mmoja wa pwani ya upande wetu, katika vijiji vile ambavyo huenda kimojawapo ndicho kile chenye mti na mkeka. Hatukumpata yule mwanamke, wala kaburi lake. Twaamini Bwana analijua jina lake.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyekuja kwetu kama mgeni na kula mezani petu: uwabariki wote wanaofungua milango yao kwa ajili ya jina lako. Uwape wajumbe wako unyenyekevu wa kupokea na uvumilivu wa kukaa. Utusamehe nyumba tulizozidharau na mikeka tuliyoikataa. Na siku ya mwisho utupokee sote katika nyumba ya Baba yako, ambamo hakuna atakayehama tena. Amina.